Kaka Asta na Pini ya Mguu wa Kulia

Ndugu Astanarayan Maharjan, mhudumu wa ukumbi wetu wa anatomia, anastaafu tarehe 31 ya mwezi wa Asar, kwa kalenda yetu ya Nepal, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Mhariri wa jarida hili la chuo aliniomba maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila sehemu ya pili ya ukurasa huu ni ya kuniaibisha, na ninastahili.

Kaka Asta aliajiriwa kuosha meza na kubadilisha dawa ya kuhifadhia maiti. Shule aliishia darasa la saba. Hata hivyo, kila mwaka kabla kisu hakijagusa ngozi, yeye ndiye huvisha maiti shada la maua ya manjano na kuwaamuru wanafunzi wamwinamie maiti huyo, kwa kuwa ndiye mwalimu wao. Kisha huwapanga mstari: miguu pamoja, uso mbele, viganja mbele. Ndivyo tunavyozitaja pande za mwili, hata ukiwa umelala mezani.

"Kulia kwa nani?" huuliza.

"Kwake!"

"Haya. Kulia kwako kaache mlangoni pamoja na viatu."

Kwake yeye, juu ni upande wa kichwa hata mtu akining'inizwa miguu hewani. Kidole gumba kiko pembeni, mbali na mstari wa katikati ya mwili, na asiyeamini ageuze kiganja mbele atazame. Kinyozi wake wa mjini Patan anasema kila akimwomba ageukie kushoto, huulizwa kushoto kwa nani. Madaktari zaidi ya elfu mbili walijua pande za mwili kutoka kwake, mimi nikiwemo.

Sasa aibu yangu. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa mhadhiri mpya, na nilipewa mtihani wa vitendo wa kufunga mwaka. Maiti alilala kifudifudi. Nilichoma pini nyuma ya goti, nikasimama miguuni pake, nikaandika majibu. Kwa mazoea nikageuza pande, kama tufanyavyo akilala chali. Akilala kifudifudi hakuna cha kugeuza. Mguu ulikuwa wa kulia, mimi nikaandika kushoto, na waliojibu sawasawa wakakosa alama.

Wanafunzi walilalamika, Mkuu wa Chuo akatuita. Mdomo wangu ulifunguka kabla ya akili. Nilisema pini ilidondoka Kaka Asta alipokuwa anapanguza, akairudishia kwenye mguu mwingine. Yeye alisimama pembeni yangu, ameshika kofia yake. Alinitazama mara moja tu. "Kama Daktari anasema hivyo," alisema.

Alipewa barua ya onyo, na kwa miaka sita alikatazwa kusema neno na wanafunzi. Alipanguza meza kimya huku mimi nikiwapanga mstari na kuuliza swali lake. Niliona haya kila asubuhi. Nikazoea, na hilo linaniaibisha zaidi.

Wiki iliyopita nilimfuata kwake na chupa ya chai, nikakiri. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilikungoja, mwanangu," alisema. "Mwaka wa kwanza, wa pili. Baadaye nikachoka."

Nilimwomba msamaha.

"Kwa nini unaniambia mimi? Mimi nilikuwepo."

Kwa hiyo nawaambia ninyi ambao hamkuwepo: Kaka Asta hakuigusa pini ile. Kosa lilikuwa langu, na uongo ulikuwa wangu. Jana nilimpelekea Mkuu wa Chuo maelezo yenye sahihi yangu, ili barua ile itolewe kwenye jalada lake kabla hajakabidhi funguo. Adhabu yoyote itakayonipata ni halali yangu.

Asante, Kaka Asta, kwa kutufundisha kusimama upande wa mwenye mwili. Mimi nilichelewa kusimama upande wako. Nenda kapumzike na wajukuu, kwa afya na heshima zako zote. Kama siku moja utataka kunisamehe, nitashukuru. Usipotaka, nitakuwa sina neno.

Dkt. Pabitra Rimal
Idara ya Anatomia