Rosaire Dufour, Mbunge wa Jikoni

Marehemu mdogo wangu, Mheshimiwa Rosaire Dufour, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1946 katika kijiji chetu cha Saint-Onésime, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, akiwa kitinda mimba wa Alcide na Blanche Dufour. Viazi vilikuwa vinavunwa na shule zimefungwa. Baba alikuja kumtazama mtoto, akatabasamu, akarudi shambani. Mimi Géralda, dada yake, nilikuwa na miaka saba, na ndiye niliyeachiwa kumbeba. Nasoma haya kwa sababu aliniomba mwenyewe, na alijua sina kawaida ya kuremba maneno.

Alianza shule mwaka 1952. Siku hizo shule ilikuwa ya Kiingereza tu, na mtoto akisema Kifaransa chetu cha nyumbani uwanjani aliadhibiwa, na Rosaire hakujua lugha nyingine. Aliandika "sitasema Kifaransa" mara nyingi hadi mwandiko wake ukawa mzuri kuliko wa mwalimu. Alipata shahada ya hisabati mwaka 1968, akarudi kufundisha hapa hapa. Mwaka 1974 akaja fundi wa piano, Wendell Haskell, mtu wa pwani, Mprotestanti kati yetu Wakatoliki, mpole mno. Piano ya shule ilikuwa kazi ya siku moja, ikamchukua siku nne. Alipohamia kwa Rosaire tulimwita mpangaji; sote tuliona, na sote tukajifanya hatujaona.

Mwaka 1978 aligombea Bunge la Jimbo. Kama mnavyojua, hapa mgombea asiyefika kwenye karamu ya maharage ya Jumamosi, ukumbini mwa kijiji, hapati kura. Wenzake walikula, wakapeana mikono na watu, wakaenda zao. Rosaire alifunga aproni akaosha sahani, kwa kuwa, alisema, mtu anayekuletea sahani chafu hukwambia ukweli. Alishinda. Ni yeye aliyeokoa likizo ya mavuno pale wakubwa wa Augusta, makao makuu ya jimbo, walipotaka kuifuta.

Wiki mbili na ushei kabla ya uchaguzi wa 1986, karatasi zilisambazwa kwenye magari yote kijijini, zikimtaja yeye na Wendell kwa maneno nisiyoweza kuyasoma hapa. Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba alitoka jikoni, povu mikononi, akasimama mbele ya watu mia mbili.

"Karatasi mmeisoma," alisema. "Ni kweli. Wendell si mpangaji wangu. Nampenda, na tunaishi kama mnavyoishi nyie na wenzenu. Kura ni zenu."

Hakuna aliyeinua kijiko. Kisha Bibi Exilda Thibault, mkuu wa jiko, mwenye miaka themanini, akauliza, "Sasa Rosaire, sahani utamaliza, au nitafute mtu mwingine?"

"Namaliza, mama."

"Haya rudi basi, maji yanapoa."

Ukumbi mzima ulicheka, na Novemba akashinda kwa kura arobaini na moja. Mimi sikucheka. Nilichukua koti langu nikaenda nyumbani.

Aliendelea Augusta hadi 1994, kisha Washington, katika Bunge la taifa, kuanzia 1995 hadi 2009. Mswada wake wa kuzuia mtu kufukuzwa kazi au nyumba kwa sababu ya ampendaye uliangushwa Augusta mara saba. Kila ulipoanguka, alizunguka kuwapa mkono waliomkatalia na kuwaambia wataonana mwakani. Siku jimbo lilipoupitisha hatimaye, yeye akiwa Washington, alinipigia simu akilia kwa furaha. Nilimwambia nina chungu jikoni, nikakata. Naona haya kulisema, lakini ni kweli.

Mama yetu alifariki mwaka 1991. Kwa majira mawili ya baridi Wendell ndiye aliyekuwa akimlisha kwa kijiko. Niliandika wasifu wa Mama wa kusomwa mazishini, nikataja watoto, wakwe na wajukuu wote. Rosaire aliusoma mara mbili.

"Dada, umesahau mtu mmoja," akaniambia.

"Sijasahau," nikamjibu.

Hakuniuliza tena. Krismasi zote zilizofuata alikuja kwangu peke yake, akala pai ya nyama, akaondoka mapema. Alipofunga ndoa na Wendell tarehe 15 Juni 2013, baada ya miaka thelathini na tisa, mimi nilituma kadi.

Februari mwaka huu, 2019, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Nilipokwenda kumwona nilimkuta Wendell anamlisha uji, polepole, akimfuta kidevu. Nilimkumbuka Mama, na moyo wangu ukalainika palepale. Tangu hapo tulipokezana zamu, na kati ya zamu Wendell alinipikia chai bila kunikumbusha lolote. Mwezi Agosti Rosaire alinishika mkono. "Wasifu uandike wewe," alisema. "Na safari hii uhesabu vizuri." Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Septemba, nyumbani, Wendell akiwa amemkumbatia. Nje watu walikuwa wakivuna.

Marehemu ameacha mume, Wendell Haskell. Dada wawili, Géralda na Lucette. Na wapwa tisa. Mungu ampokee, na ampe raha ya milele.

Kijitabu mlichopewa mlangoni kinaishia hapo, lakini sijamaliza. Wendell, nakuona umekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mimi ndiye niliyekuzoesha kukaa huko. Njoo mbele, shemeji. Hatuanzi kumzika mpaka umekaa na sisi.