Neno la Tatu kwenye Barua ya Mizani

Benchi la kijiweni liko nje ya kibanda cha Kinyozi, miguu mitatu mizima na wa nne umeegeshwa kwenye tofali. Asubuhi hiyo Mizani alikuwa amekalia upande wa tofali, kahawa yake imepoa bila kuguswa. Miaka kumi na tisa amepima magunia kwenye ghala la nafaka, mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Jana jioni, wakati wa kutoka kazini, bosi alimkabidhi barua ya Kiingereza. Mizani aliambulia jina lake tu. Hakupata lepe la usingizi, na asubuhi akaacha kwenda kazini, akaipeleka kwa Kamusi, fundi redio aliyerithi kamusi isiyo na jalada na tangu hapo hakamatiki.

Kamusi ana mtindo wake. Karatasi huikunja na kuikunja tena mpaka libaki lile neno analolitaka, maana kwake neno likiwa na majirani linadanganya. Barua ya Mizani ilikuwa imebaki na ukubwa wa tiketi. Yalionekana maneno matatu: "suspended pending hearing".

— Tulieni. "Suspended". Waingereza wamelitoa kwa Walatini. Shina lake ni kuning'inia.

— Aning'inie nani? aliuliza Mizani.

— Wewe.

Kinyozi akasimamisha mkasi juu ya kichwa cha mteja.

— Wanamnyonga?

— Sijasema kunyonga! Sasa "pending", ndugu yake tumbo moja. Nalo ni kuning'inia.

— Mara mbili! Hao hawataki makosa.

— Kinyozi, funga bakuli lako, alifoka Mama Kahawa, birika lake mkononi. Mwenzio ana watoto wanne.

— Hata watoto wamo, alisema Kamusi, macho yanamwaka. "Depend", yaani kutegemea, ni wa ukoo huohuo. Watoto wako wananing'inia kwako, na wewe unaning'inia kwa bosi.

Mizani aliwaona watoto wote wanne, wamefuatana kwenye kamba moja.

— Ngoja! Kamusi aliendelea. Walatini walipima vitu kwa kuvining'iniza, kwa hiyo shina hilo likazaa na kupima. "Pension" imetoka humo.

— Basi wanampa pensheni! Kinyozi akapiga makofi. Leo kahawa ni juu ya Mizani!

— Au wanampima yeye, alisema Kamusi. Wamempandisha kwenye mizani yake mwenyewe.

— Mizani yangu haina kasoro! Mizani alipaza sauti. Yale magunia wanayonishuku nayo yalipungua yakiwa njiani, kabla sijayapima. Ninayo namba ya gari, ninayo saa yalipoingia. Nani ataniuliza?

Mama Kahawa aliinama juu ya karatasi.

— Na hili la tatu?

— Hilo la kienyeji tu la Waingereza. Halina Ulatini hata chembe. Tusipoteze muda.

Nyuma yao alikuwa amesimama mwanamke mgeni, sare ya ufagiaji mwilini na chupa ya chai mkononi, anasubiri kujaziwa kahawa.

— Samahani, kaka zangu. Hapo wameandika amesimamishwa kazi mpaka asikilizwe. Ni lini?

Kamusi alimtazama Kinyozi. Kinyozi alimtazama Mama Kahawa. Mizani akaipokonya ile karatasi, akaikunjua mkunjo mmoja baada ya mwingine, akampa mgeni.

— Leo, alisoma yule mwanamke taratibu. Saa tatu asubuhi, ofisini ghalani. Usipofika, wataamua bila wewe.

Saa ya ukutani kwa Kinyozi ilionyesha saa nne kasoro robo.

Mizani hakumtukana mtu. Aliichukua barua, akainuka kwa ghafla hata benchi likayumba na kahawa ikamwagika kwenye kamusi ya yule fundi redio, akatoka mbio, kandambili moja ikabaki njiani. Hakurudi kuiokota.

— Ghalani ni mbali? mgeni aliuliza.

— Saa nzima kwa miguu, alijibu Mama Kahawa, na kikombe cha Kamusi hakukijaza tena.