Bwanausi Mwinyimvua na Bomba Ambalo Hakuliziba

Huyu tunayemsomea hitima leo, Bwanausi Mwinyimvua, alizaliwa Kaole tarehe 12 Machi 1908, mtoto wa kwanza wa Mzee Mwinyimvua na Bibi Sihaba. Nyuma yake alifuata Msabaha, na tangu hapo ilikuwa taabu kumtaja mmoja bila mwingine.

Alihitimu Kurani hapa Kaole, akasoma shule ya serikali Bagamoyo hadi 1923, kisha akajifunza ufundi wa bomba Dar es Salaam. Mwaka 1935 alimwoa Bibi Mwanaharusi Abdala wa Mlingotini. Siku ya harusi alitafutwa, akakutwa nyuma ya nyumba ya wakwe, kanzu ameikunja, ananyoosha mfereji wa bati wa maji ya mvua. Mama mkwe, Bi Bimdogo, akauliza, "Tumeoza au tumeajiri?"

Mwaka uliofuata ndugu hawa waliajiriwa kwenye shamba la mkonge kaskazini ya Bagamoyo. Mwenye shamba, Mzungu wa nchi ya baridi, alikuwa na birika la kuogelea lililochimbwa ardhini. Kila Juni, kabla ya kwenda likizo, aliagiza lifungwe kama lifungwavyo kwao: maji yateremshwe chini ya matundu ya mabomba yaliyo ukingoni, mabomba yapulizwe kwa mvukuto mpaka yakauke, kisha yazibwe kwa vizibo vya mpira, yasije yakapasuliwa na barafu. Barafu ya karibu ilikuwa Dar es Salaam, nayo iliuzwa. Hakuna aliyeona ni adabu kumwambia.

Bwanausi alivukuta kwenye shimo la pampu. Msabaha alikaa ukingoni mwa birika, sikio kwenye tundu. Kwa kuwa bwana alilala mchana, hawakuitana. Upepo ukitoka mkavu, Msabaha alikohoa bombani, na kaka yake akaziba.

Tarehe 16 Juni 1938 kikohozi kilisikika. Marehemu akaziba, akaenda kuswali alasiri. Aliporudi alimkuta mdogo wake amekufa ndani ya maji yaliyobaki. Msabaha alikuwa ameteleza, kisogo kimepasuka. Kama kikohozi kile kilikuwa ishara ya kazi au cha mtu anayezama, hakuna aliyejua. Likizo haikuahirishwa.

Juni iliyofuata alivukuta peke yake, na bomba likakohoa. Hakuliziba. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimweleza kwamba roho haikai bombani. "Najua, mwalimu," alijibu, akaendelea kwenda kila mwaka, hata Mzungu alipoondoka asirudi na birika likaota magugu.

Kifua kilianza kumsumbua Februari 1956. Septemba, hawezi tena kuinuka, alimwambia mkewe, "Mwanaharusi, niendee. Mwambie nilidhani amesema pamekauka."

"Nikaliambie bomba?"

"Kamwambie Msabaha. Akikohoa, ujue hajaniwia radhi."

Mkewe alikwenda kwa miguu, akapiga magoti penye bomba, akatoa salamu, akasema alichotumwa. Jioni akarudi.

"Je?"

"Kimya, mume wangu."

"Kimya kabisa?"

"Hata mjusi hakupita."

Marehemu akaomba uji, akaumaliza. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Septemba 1956, uso umekunjuka.

Ameacha mjane, watoto wanne, Majaliwa, Tatu, Mosi na Fatu, pamoja na wajukuu. Mjane ameomba iandikwe, maadamu sasa haimdhuru marehemu, kwamba bomba lilikohoa kabla yeye hajamaliza salamu.

Mwenyezi Mungu amlaze pema, na jawabu alilolifuata miaka yote hii alipate kwa Msabaha mwenyewe.