Mzee Zephania Mgonja na Mipungate Yake ya Malvern

Ndugu waombolezaji, yafuatayo ni maisha ya mpendwa wetu Zephania Elieza Mgonja kama familia inavyoyafahamu, na kila tarehe mtakayoisikia imehakikiwa na mjane wake, Mama Sara, ambaye ameomba isipunguzwe hata moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Makanya, wilaya ya Same, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Elieza Mgonja, mkata mkonge, na Mama Nakijwa. Cheti cha ubatizo kinasema tarehe 16, lakini mama yake mzazi alishikilia 14 mpaka anaingia kaburini, na familia imemfuata yeye kwa sababu ndiye aliyekuwepo.

Alisoma shule ya msingi Makanya kuanzia mwaka 1957, akaendelea na masomo ya kati na ya sekondari Same hadi mwaka 1968, kisha akajifunza ufundi wa majokofu Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1971. Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye kiwanda cha barafu Tanga, akakaa hapo miaka ishirini, halafu akahamia Mwanza kwenye kiwanda cha samaki hadi mwaka 2002.

Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa takatifu na Sara Mbwambo, wakati huo muuguzi pale Same, nao wakabarikiwa watoto wawili, Tumsifu aliyezaliwa mwaka 1980, na Jennifer aliyezaliwa mwaka 1990, wakati ambapo majirani walikwisha acha kuuliza.

Tarehe 17 Agosti 2002, kwa kibali alichopata Mama Sara kupitia uuguzi, marehemu, mkewe na Jennifer waliwasili Toronto, wakakaa miezi michache Parkdale kwa wenyeji wao, kisha wakapata nyumba ya safu hapa Malvern, yenye kiwanja kidogo nyuma na kingine kidogo zaidi mbele. Marehemu alipata kazi kwenye ukumbi wa mchezo wa magongo ya barafuni, kwanza usafi, baadaye akawa miongoni mwa mafundi wanaotunza ile barafu isiyeyuke, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mpaka moyo wake ulipomkatalia. Alikuwa akisema kwamba alitoka Makanya kwenye jua kali aje kulinda barafu isipate joto, na kwamba kama kuna mtu aliyepanga jambo hilo, basi alikuwa na utani.

Huwezi kueleza maisha ya marehemu hapa Toronto bila kueleza mipungate, ile mimea ya miiba ya nchi kavu. Mwezi Februari 2004, akirudi kutoka kazini, aliona mbele ya nyumba moja mtaa wa pili mpungate uliolala juu ya theluji, miiba yake ikiwa imeshika barafu, akasimama kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenye nyumba alifungua mlango. Marehemu aliuliza kwa Kiingereza ule ni mmea gani, naye yule mama, Bibi Sughra, mzaliwa wa Tanga ambaye wengi wenu mlimfahamu kabla hajafariki mwaka 2010, akaisikia lafudhi, akamjibu, "Huu mpungate, mwanangu, kwani kwenu hamna?"

Masika ya mwaka huo alipewa vipande vitatu, akavipanda kwenye udongo mweusi, akavitilia samadi, akavimwagilia mpaka Oktoba, na kufikia Machi vyote vilikuwa vimeoza vikawa kama uji. Alipokwenda kueleza, Bibi Sughra alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia amevilisha kama wageni wa Iddi, na akakataa kumpa vingine mpaka atakapoondoa udongo wote ule. Marehemu akauondoa. Alijaza mahali pake kokoto, mchanga mzito na matofali yaliyovunjwavunjwa, akainua tuta likafika magotini, likielekea kusini, na Mama Sara, aliyekuwa amepatenga mahali hapo kwa ajili ya mchicha, alinuna wiki nzima, ndipo wakakubaliana kwamba nyuma ni kwake na mbele ni kwa mumewe, mkataba uliodumu hadi mwisho.

Alichojifunza, na alichokuwa akikirudia kwa yeyote aliyesimama pale, ni kwamba baridi kavu haiui mpungate, wala theluji haiuui, kinachoua ni maji ya baridi kukaa kwenye mizizi, ile mvua inayonyesha ikiganda, ikayeyuka, ikaganda tena. Kwa hiyo kila mwezi Novemba aliweka juu ya tuta paa la plastiki ngumu lipitishalo mwanga, akaacha pande zote wazi upepo upite, naye aliacha kumwagilia tangu Agosti, na mimea ile ilinywea, ikakunjamana, ikageuka rangi ya zambarau, ikalala chini kama iliyokata tamaa. Ndivyo inavyojiokoa, kwa kupunguza maji mwilini. Kufikia mwaka 2013 tuta lilikuwa na aina nyingi za mipungate, na kati yake ile mimea midogo ya majani manene iliyojikusanya kama waridi la kijani, na mwezi Juni maua ya njano yalifunguka, watu wakashuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya chao ili wapite hapo.

Tarehe 19 Desemba 2013 marehemu alipata shambulio la moyo akiwa kazini, akalazwa, na usiku wa kuamkia tarehe 22 ikaja ile mvua ya barafu mnayoikumbuka wote, umeme ukakatika karibu jiji zima. Nyumba ya Mama Sara haikukosa umeme, kwa hiyo Mama Clementina, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, na Mama Leokadia na wengine, walihamia pale na watoto wao, wakapika, wakamshika mkono, na kila asubuhi mmoja alimsindikiza hospitali. Katika siku hizo tawi la mti lilianguka kwa uzito wa barafu likang'oa lile paa la plastiki. Akina mama walitoka wakaikuta mimea ya Mzee imelala chini, imekunjamana, zambarau, barafu juu yake, wakaamini inakufa wakiitazama. Walifanya ambalo wangemfanyia mtoto yeyote waliyemkuta nje. Walileta mablanketi, walileta vitenge, wakaifunika mmea mmoja mmoja, wakazungushia mifuko ya plastiki, wakafunga kamba mpaka chini kabisa, na Mama Sara aliporudi jioni alilia kwa shukrani, akaongezea koti la zamani la mumewe juu ya ule mkubwa kuliko yote. Mama Leokadia peke yake hakuwa na cha kutoa, kwa sababu mablanketi yake yalikuwa kwa watoto, na mpungate wa pembeni, chini ya ukingo wa paa la nyumba, ukabaki hivyo hivyo.

Mwezi Machi harufu ndiyo iliyowaambia. Walipofungua, chini ya kila blanketi palikuwa na maji na uozo, kazi ya karibu miaka kumi. Mama Sara aliishi wiki hizo kwa hofu ambayo hakuisema kwa sauti, kwani daktari alikuwa amemweleza kwamba moyo wa marehemu haungestahimili mshtuko, na kila alipokwenda kumwona, swali la kwanza lilikuwa mipungate inaendeleaje, naye alijibu kwamba imelala. Kudanganya hakukuwa tabia yake, na marehemu alimjua.

Mama Clementina ndiye aliyekuja na shauri. Siku moja kabla marehemu hajaruhusiwa, akina mama walikwenda dukani kwa gari lililoendeshwa na Jennifer, wakanunua mipungate iliyokuwepo, ile ya kwenye vikopo, ya mviringo, mingine ikiwa na kichwa chekundu kilichopachikwa juu kama kilemba, wakaichimbia kwenye tuta ikiwa imejipanga mistari. Jennifer aliwaambia kwa Kiingereza kwamba baba yake ana ugonjwa wa moyo, si wa macho, nao wakamwambia aendeshe gari.

Tarehe 11 Aprili 2014, siku ya manyunyu na baridi, marehemu alirudi nyumbani, akaomba kiti chake kisogezwe dirishani. Akina mama wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kuhusu chai, kuhusu chapati, kuhusu mtoto wa fulani aliyefaulu, na Mama Sara akasimama nyuma ya kiti ameshika kikombe ambacho hakumpa mtu. Marehemu aliangalia nje kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama Tumsifu, waingizeni wale ndani. Wametoka dukani, hawajazoea, watakufa leo leo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza mbele ya tuta lililokuwa limekwisha. Akina mama walitoka wakaiingiza mimea ile yote, na iliyokuwa na vilemba ilikaa dirishani mwa jikoni kwa miaka. Waliporudi ndani Mama Clementina alipiga magoti akaeleza kila kitu tangu blanketi la kwanza, asimwachie Mama Sara hata sehemu ndogo ya lawama, na marehemu akamsikiliza, akauliza koti lake lilifunika upi, na alipoambiwa alianza kucheka taratibu, akicheka ameshika kifua, mpaka Mama Sara akaogopa kicheko kama alivyoogopa huzuni. Alisema tangu utoto wake hakuwahi kusikia watu waliotoa mablanketi kitandani kwa ajili ya miiba.

Kesho yake alitoka ameshikwa mkono, akaenda kuukagua ule mpungate wa pembeni, akaupapasa kwa kidole, na ulikuwa mzima. Mama Leokadia, aliyekuwa amebeba aibu yake tangu Krismasi, alikuwepo, naye akampa mkono akamwambia, "Asante kwa kukosa blanketi."

Kutoka mmea huo mmoja marehemu alianza upya. Alistaafu mwaka huo huo, na mwaka 2015 alikata vipande, akaviacha vikauke kivulini mpaka kidonda kikafunga, akampa kila mama wa kikundi, pamoja na Mama Clementina anayeishi ghorofa ya tisa na hana pa kupanda isipokuwa kibarazani. Aliwatembelea kwa basi akikagua, na yule aliyemkuta udongo wake umelowa mwezi Oktoba alimwambia waziwazi. Mwezi Juni 2017 mingi ilichanua, Scarborough nzima, upande wetu huu wa jiji, na simu yake ilijaa picha zilizotumwa na watu waliokuwa wakibishana ua la nani ni kubwa.

Mwezi Oktoba 2018 nguvu zilimwishia, hakuweza tena kupanda tutani, kwa hiyo Novemba Mama Sara, Mama Clementina na Mama Leokadia waliweka lile paa wenyewe, naye akiwaelekeza kutoka dirishani kwa fimbo, akigonga kioo kila walipokosea. Tarehe 4 Machi 2019 alilazwa kwa mara ya mwisho. Tarehe 20 Machi, alasiri, akina mama walikuwa kando ya kitanda chake aliposema anasikia baridi. Mama Clementina alilichukua blanketi lililokuwa miguuni, akalikunjua, kisha akasita, akamtazama Mama Sara. Marehemu aliona.

"Nifunike tu, Mama Clementina," alisema. "Mimi si mpungate."

Walicheka, naye akacheka nao kwa sauti iliyobaki, na Mama Clementina akamfunika mpaka mabegani. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 22 Machi 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliorefusha siku zake kwa miaka zaidi ya mitano, wafanyakazi wenzake wa ukumbi wa barafu waliolisimamisha gari la kusawazisha barafu dakika moja kwa heshima yake, mchungaji na usharika, na majirani wa Malvern wa dini zote. Kwa namna ya pekee inawashukuru akina mama wa kikundi, na Mama Sara ameomba jambo moja litamkwe wazi mbele ya watu, kwamba kwa mablanketi yale ya mwaka 2013 hakuna anayedaiwa msamaha, kwa sababu mwenye mipungate hakuwahi kuona kosa.

Zephania, mume, baba, babu na jirani wetu, sasa pumzika, na amani iwe nawe.