Bolti ya Pikapu ya Baba

Ndani ya basi, kijana alikuwa akigeuzageuza kiganjani nusu ya bolti, nati ingali imeing'ang'ania. Jirani yake, fundi wa magari mwenye mvi, alishindwa kunyamaza.

"Ya springi ya nyuma hiyo. Umeivunja mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee wangu. Niliilowesha mafuta, nikachomeka bomba kwenye spana, nikaning'inia, ikakatika. Pikapu ya marehemu baba. Kaka alichukua nyumba, mimi nikapewa gari, akaapa ni zima. Ndiyo naenda kumwomba radhi kwa kuliharibu gari la baba."

Fundi akakwangua nati kwa ukucha, rangi nyeusi ikabanduka. "Radhi ya nini? Hii imechomelewa, mwanangu, kisha ikapakwa rangi isionekane. Ungeilowesha mpaka kesho kutwa. Baba yako alikuwa mchomeleaji?"

"Baba alikuwa mtu wa kitandani. Mashine ya kuchomelea anayo kaka."

Fundi akageukia dirishani, kana kwamba nje kuna jambo. Kijana alizitafuta zile sentensi za kuomba radhi alizozipanga tangu asubuhi, zote zikamwonea haya.

"Wa gereji, shuka," kondakta akaita.

Kijana akashuka, bolti ngumini. Ng'ambo ya barabara, kaka yake alikuwa ameinama, anachomelea.