Asali kwenye Kidole

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nipokeeni hivi hivi na machozi yangu, kwa maana si kila anayeshukuru anacheka.

Mnamjua bwana yangu, Kasongo, seremala. Ana ugonjwa wa sukari, hujidunga insulini kila siku ili kuishusha. Ulipofika ule wakati wa uporaji, maduka yakavunjwa, soko likafungwa, tukalala njaa. Yeye akajidunga kama kawaida, ila chakula hakikupatikana. Asubuhi akaanza kutoka jasho na kusema maneno ya ovyo.

Mama mkwe alikuwa na asali iliyotoka kijijini Lukafu. Kijiko Kasongo alikikataa, basi mama akachovya kidole cha mwanawe ndani ya kopo, akakipeleka kinywani. "Lamba, mutoto yangu." Ndivyo alivyomlisha utotoni. Akalamba kidogo, akazimia.

Hospitalini, ndugu zangu, maabara ilikuwa imeporwa. Kilibaki kimashine cha kupimia sukari kitandani. Wakachoma kidole kile kile. Kimashine kikasema sukari imepanda sana. Daktari akaamini, na nani asingeamini? Akamdunga insulini nyingine. Kumbe kimashine kilikuwa kimeonja asali! Mara bwana yangu akashikwa na degedege.

Daktari alipomkamata mkono, vidole vikanata.

"Hii mukono iko na nini?"

"Iko na asali," mama mkwe akajibu. "Ni miye nilimulambisha."

Daktari akavuta beseni la maji. Akaosha ule mkono kwa sabuni, akaukausha, akachoma tena. Sukari ilikuwa karibu kwisha. Upesi akamtia maji ya sukari mshipani, nasi tukapiga magoti sakafuni. Kasongo akaishi.

Lakini ubongo ulikuwa umekaa na njaa mno. Niliyempeleka siye niliyerudi naye. Nikamchukia daktari, nikamchukia mama mkwe, na kumwomba Mungu nikaacha. Hata siku moja nikamkuta mama mkwe nyuma ya nyumba, anaipiga mikono yake ukutani. Nikaikamata ile mikono, tukalia pamoja, na Bwana akanitoa ile chuki. Leo mama ameketi pale mbele. Ndiye aliyeniambia niseme yote.

Kila asubuhi bwana yangu huniuliza, "Weye ni nani?"

"Ni miye, bibi yako."

"Aksanti ya kuja."

Ndugu yangu uliyeomba ukapewa nusu, mtumaini Bwana. Mimi nusu yangu inapumua kando yangu, na ninashukuru.