Viatu vya Kijani

Treni ilikwenda polepole kwenye mvua, kama vile nayo inasinzia. Mbele yangu mzee mmoja, mpelelezi mstaafu kwa maelezo yake mwenyewe (na hakuna aliyemuuliza), alikuwa akiiponda sinema ambayo yeye na abiria wa pembeni yake waliiona wiki hiyo. Mpelelezi anamfuatilia mjane anayedaiwa kumuua mumewe, anampenda, kisha anampoteza stesheni.

"Kosa lake alimtazama usoni," alisema mzee. "Sisi tulifundishwa kutazama viatu. Mtu atabadili koti, atavaa nywele za bandia, lakini viatu habadili njiani."

Abiria mwenzake, mwanamama wa miwani myeusi na viatu vya kijani, alicheka kidogo. "Na wewe, mzee wangu, hukuwahi kuinua macho?"

"Mara moja tu. Nikamalizia kazi masjala, napangusa vumbi kwenye mafaili."

"Yule mjane hana hatari yoyote. Amechoka kufuatwa tu."

"Binti yangu, dalili ya mvua ni mawingu!"

"Mawingu mangapi yamepita bila mvua?"

Treni ikapunguza mwendo. Mzee akainamisha macho, kwa mazoea nadhani, yakatua kwenye viatu vya kijani chini ya kiti, naye akaendelea kuvihubiria habari za ushahidi. Tukasimama. Nilipochungulia dirishani, mwanamama alikuwa ameshashuka, miguu mitupu, akiyeyuka kwenye ukungu bila haraka. Mzee alikuwa bado anavilinda viatu.